Wikendi ya Kuoshwa

Stanmore,
Alhamisi, 8 Januari 2026

Makena mwanangu,

Nimemwambia Anjali aitie barua hii chini ya soksi zako, ndani kabisa ya sanduku. Nakujua. Ungeiona ukiwa bado hapa mlangoni, ungekaa chini ukaanza kutafuta sababu ya kutokwenda. Ukiisoma utakuwa umeshafika, na mlango wetu utakuwa mbali.

Tuelewane kwanza. Wikendi hiyo haikununuliwa kwa ajili yako, kwa hiyo usianze kushukuru. Wenzake Anjali kazini walimpa alipotimiza miaka hamsini: siku tatu katika nyumba ya mapumziko huko mashambani, maji ya moto, kukandwa mwili, chakula cha majani. Tarehe haibadilishwi. Mmoja wenu ilikuwa lazima abaki na mimi, nami nikachagua abaki yeye. Ni binti yangu, na tangu ahamie huku kwangu namwona akipita tu na mkoba. Wewe kwa miaka minne umekuja kunitunza kila asubuhi saa mbili, mvua isimame au inyeshe, na sijawahi kusikia umekwenda hata baharini.

Najua ukiwa huko utaniuliza lile swali lako tena. Umeniuliza kila siku tangu kabla ya Krismasi: Mama, mbona hutaki nikuogeshe? Na kila siku nimekujibu kwamba leo sijisikii. Najifuta kwa kitambaa kwenye sinki, basi. Anjali naye nimemkataa, maana mtoto niliyemwogesha mimi hawezi kuniogesha. Ulikuwepo aliposema kwamba nisipokubali mwezi huu huu, atanipeleka kwenye ile nyumba ya wazee kule Watford. Hakuwa anatania. Mtoto huyu hajui kutania, alirithi kwa baba yake.

Sasa niache. Kula, lala, uoge wewe. Wameandika kwamba simu wanazichukua mlangoni, kwa hiyo niandikie kwa mkono. Tangu nitoke Kisumu mwaka wa sitini na nane sijapokea barua ya Kiswahili hata moja.

Mama yako wa Stanmore,
Ravinder


Hollin House, Herefordshire,
Ijumaa, 9 Januari, saa tisa alasiri

Mama Anjali mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeipata, chini ya soksi kama ulivyopanga. Nimecheka peke yangu, halafu nikaziba mdomo, na sababu ya kuziba mdomo nitakueleza.

Mama, nimekaa nchi hii miaka kumi na tisa na sikujua kwamba ni kubwa. Mimi naijua Hounslow. Naijua basi, naijua treni ya kuja kwenu, nayajua madirisha ya wazee ninaowatunza. Leo nimeshushwa kwenye stesheni yenye benchi moja, taksi ikanipeleka katikati ya mashamba meupe kwa jalidi, kondoo wamesimama wanatoa moshi puani, na jua jekundu limekaa chini chini juu ya uzio, mtu ungeweza kulitazama bila kufumba macho. Nilimwomba dereva asimame. Akasimama bila kuniuliza kitu. Nikashuka, nikasimama pale barabarani na kofia yangu mkononi, sijui kwa nini niliivua.

Na kimya, Mama. Kwangu ndege zinapita juu ya paa moja baada ya nyingine mpaka huzisikii tena. Hapa masikio yangu yanazitafuta.

Simu yangu waliitia kwenye mfuko mdogo wa kitambaa wakaufunga uzi. Nilimtazama yule dada wa mapokezi akiondoka nayo, moyo ukaniruka kama nimempa mtoto wa watu. Kisha nikaingia chumba cha chai. Walikuwa watu tisa, wote wamevaa majoho meupe ya taulo. Nilidhani nimefika mbinguni, halafu nikadhani nimefika wodini. Kwa vyovyote adabu ni adabu, nikazunguka nikawasalimia mmoja mmoja kwa mkono. Hakuna aliyejibu. Nikasema moyoni, hawa ndio wale wazungu wasiomjibu mtu kama mimi. Mpaka nikafika kwa mzee mmoja, baadaye nikajua anaitwa Humphrey, akaushika mkono wangu vizuri sana na kunionyesha kibao ukutani: watu hawaongei mpaka saa saba. Tisa wale walikuwa wamenivumilia kwa macho. Ndipo nikajifunza kuziba mdomo.

Kitanda changu nimekitandika upya, hawajui kukunja pembe. Mama mmoja kwenye ngazi aliniomba nimwongezee taulo, nami nikaenda nikamletea. Nilikuwa nimevaa joho kama lake. Sijui aliona nini, ila hata mimi miguu ilikwenda yenyewe.

Baada ya chakula nikapelekwa kwenye bwawa. Liko nje. Nje kabisa, Mama, na theluji imeanza kuanguka. Nikasimama ukingoni na vazi la kuogelea, meno yanagongana, najuta kuzaliwa. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaingia. Kumbe ni ya moto kama ya kuogea mtoto. Mwili mzima uko kwenye joto, na theluji inatua juu ya kichwa changu, juu ya kope. Niliinua uso nikafungua mdomo. Nina miaka hamsini na mbili, nimesimama ndani ya maji ya moto nakula theluji. Nikasema, Mungu wangu, na mimi umenikumbuka.

Gari la posta linakuja saa kumi, namaliza. Nakuandikia ripoti kama ile ya kazi ninayoiacha kila siku kwenye faili ya jikoni kwako:

Mteja amefika salama. Amekula yote. Amesalimia watu kwa makosa. Hali yake: ameshangaa.

Wako,
Makena


Stanmore,
Jumamosi, 10 Januari

Makena,

Barua yako imefika asubuhi hii. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimeisoma kwa sauti nikiwa na chai. Nimecheka mpaka Anjali akaja kuona kama nakohoa. Halafu nikaona haifai niendelee kukuficha. Mtu anayesimama barabarani akalivulia jua kofia anastahili kuambiwa ukweli.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe kumi na tano Desemba. Ulikuwa umenikalisha kwenye kiti cha bafuni, umeshanimwagia maji mabegani. Sikioni ulikuwa na kile kidude cheupe cha simu. Ulikuwa unaongea na wifi yako wa Voi habari za posa ya mpwa wako: mbuzi wangapi, nani atapika, wageni wakae wapi. Mimi nilikuwa nasikiliza. Nilitaka hata kuchangia, maana mbuzi wanne kwa wageni tisini ni aibu. Kisha wifi yako akauliza kitu, nawe ukamjibu, "Ngoja nimalize huyu, nitakupigia."

"Huyu" ni mimi, Makena. Nilikuwa uchi. Wewe ulikuwa Voi.

Ukanisugua mgongo vizuri tu, sisemi uongo. Ukaniosha kwapa, ukanigeuza, ukanikausha katikati ya vidole kama daktari alivyosema. Hukunitazama usoni hata mara moja. Baadaye nikashuka jikoni nikafungua faili. Ulikuwa umeandika: Ameogeshwa. Ametulia.

Sikuwa nimetulia.

Ungesema kwa Kimeru cha kwenu nisingejua kitu. Ungesema kwa Kiingereza ningesema ni maneno ya kazini. Lakini Kiswahili mimi nilikuwa nimeshakizika pamoja na mume wangu, mpaka wewe ulipokuja siku ile ya kwanza, ukasimama mlangoni na viatu vyako vya plastiki, ukasema shikamoo, Mama. Nililia jikoni na wewe ukadhani ni kitunguu. Miaka minne umenivua nguo kila asubuhi na sikuona haya, kwa sababu tulikuwa tunaongea. Mtu anayeongea na mwenzake hayuko uchi.

Najua umechoka. Najua una wazee wengine watatu baada yangu. Nimejiambia hayo yote, na bado ukiukaribia mlango wa bafu mwili wangu unakataa. Siwezi kuulazimisha.

Na nikuambie jambo lingine baya. Sikukupa wikendi hiyo kwa wema. Nilitaka siku tatu nisione uso wako.

Watu wa Watford wanakuja Jumatano saa tano asubuhi kuniangalia. Chumba kipo wazi na wanataka jibu siku hiyo hiyo. Nimemwambia Anjali nitawajibu ndiyo. Huko wakiniita huyu haitaniuma, kwa sababu siwajui.

Furahia maji.

Ravinder


Hollin House,
Jumamosi, 10 Januari, saa tano asubuhi

Mama Anjali mpendwa,

Shikamoo. Naandika upesi, leo gari la posta linapita saa sita. 

Nimeoshwa, Mama.

Kwenye ratiba yangu walikuwa wameandika saa tatu, bafu la mvuke. Nilidhani unaingia, unatoka jasho, unatoka. Nikamkuta mwanamke mzungu wa makamo, labda miaka sitini, mabega mapana kama mtu aliyezoea kubeba ndoo za maziwa. Anaitwa Bronwen. Akaniambia nilale kwenye jiwe lenye joto. Nikalala. Akachukua bakuli la maji, akaniuliza kama anaweza kuanza na miguu.

Miguu yangu, Mama, unaijua. Nyayo zimepasuka, kidole kile kilichokanyagwa na gurudumu la kitanda. Nikasema hapana, nitaiosha mwenyewe. Akaweka bakuli chini akangoja. Hakukasirika, hakunihimiza. Nikaona haya zaidi, nikasema haya, osha.

Akapiga magoti.

Mimi nimepiga magoti mbele ya miguu ya watu wa nchi hii miaka kumi na tisa, na sijawahi kuona kitu hicho kwa upande wa pili. Nilitazama utosi wake, mvi zimegawanyika katikati. Alishika kisigino changu kwa viganja viwili. Kila anapotaka kuhamia mahali pengine aliuliza, na alingoja mpaka nijibu. Naweza kuosha mkono? Naweza kuosha mgongo? Mimi nikajikuta nageuka ubavu kabla hajaniambia, nainua mkono kumsaidia, kama ninavyowafundisha wazee wangu. Akaniambia taratibu, "Acha, nimeushika." Nikaacha. Mkono wangu ukawa mzito mkononi mwake, na haukuanguka.

Hapo nikaanza kulia. Sikulia mama yangu alipofariki na mimi niko huku bila karatasi za kusafiria, nililia leo kwa sababu ya mkono. Bronwen hakusema kitu. Alinitazama usoni, akaendelea kuosha huku ananitazama kila mara, aone kama bado nipo.

Na ndipo nilipokumbuka simu.

Mama, nimefanya jambo na naona wewe unalijua. Mimi nilikuwa sijalijua mpaka leo saa tatu na nusu. Ilikuwa katikati ya Desemba, zile siku za mipango ya posa. Nilikuogesha nikiwa naongea na wifi yangu. Sikumbuki ulivaa nini baada ya kuoga. Sikumbuki kama maji yalikuwa ya moto. Nakumbuka tu kwamba nilimwambia wifi angoje, na nilivyomwambia nimekumbuka nikiwa juu ya lile jiwe, neno kwa neno, na sitaki kuliandika hapa. Kesho yake ndiyo ulianza kusema hujisikii. Mimi nikaandika kwenye faili: Amekataa kuoga, sababu haijulikani. Nikaandika hivyo wiki nne.

Sijui kama umenikataza kwa ajili hiyo. Huenda ni jambo lingine, na mimi najipa umuhimu. Lakini hata kama hukusikia, nililisema, na nililisema huku mkono wangu uko mgongoni mwako.

Nisamehe, Mama. Sina neno lingine zuri zaidi la kulivika hili.

Bronwen alipomaliza alinifunika mpaka shingoni, akaniuliza kama nina kiu. Nimekaa kiti cha dirishani tangu hapo. Huko nje kila kitu ni cheupe na hakuna unyayo hata mmoja. Naogopa kutoka nisije nikaharibu weupe huo.

Makena


Hollin House,
Jumanne, 13 Januari

Mama Anjali,

Shikamoo. Mmeshaarifiwa na ofisi ya hapa kwamba barabara ilifungwa tangu Jumapili. Theluji imefika madirishani. Nilifikiri nitapata wazimu, lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: Jumapili walitugawia majembe ya theluji, mimi na mzee Humphrey tukachimba njia kutoka mlangoni mpaka getini. Ana miaka themanini na anachimba akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya sana. Saa za kunyamaza zimefutwa bila mtu kutangaza.

Jana alfajiri tulitoka wote kwenda kwenye ziwa lao, limeganda lote. Bronwen alituambia tusimame tusikilize. Mama, barafu inalia. Inatoka sauti ndefu chini, kama mtu anaburuta kabati kwenye ghorofa ya juu, inaanzia ukingo mmoja na kwenda mpaka ukingo wa pili, chini ya miguu yako. Tulisimama watu kumi na mmoja, hakuna aliyesogea. Mzee Humphrey akanishika kiwiko. Nilitamani uwe hapo. Ungesema tu kwamba Ziwa Victoria haliwezi kufanya hivyo, na ungekuwa na haki.

Asubuhi hii trekta ya jirani ilileta posta, na ndimo ilimotoka barua yako.

Nimeisoma nimesimama. Yangu ya Jumamosi nadhani ulishaipata jana. Sitaki udhani niliandika baada ya kusoma yako. Angalia muhuri wa posta. Sisemi hivyo ili nijitetee, mashtaka yako ni ya kweli yote, hata mbuzi wanne. Nataka tu ujue kwamba nilifika hapo peke yangu, nimechelewa.

Umesema ulitaka siku tatu usinione uso, na theluji imekupa tano. Hiyo nimeipokea.

Barabara imefunguliwa mchana huu. Napanda treni ya saa tisa, na badala ya kwenda nyumbani nitapita kwenu nitumbukize barua hii mlangoni. Sitabonyeza kengele. Kesho saa mbili nitakuja kama kawaida, kwa sababu bado ni siku yangu. Nitakaa jikoni. Usiponiita, sitapanda. Saa tano watu wa Watford wakija, ukiwajibu ndiyo, nitakufungia sanduku kwa mikono yangu na nitakunja pembe za shuka zako vizuri wakaone aibu huko. Ukiwajibu hapana, pia nitakuwa jikoni.

Naogopa, Mama. Miaka minne nimekuwa nikisema wewe ni kazi yangu ya saa mbili. Leo nimekaa kwenye theluji nikihesabu watu wa nchi hii wanaojua mama yangu aliitwa nani. Ni wewe peke yako.

Makena


Stanmore,
Jumatano, 14 Januari, saa moja na nusu asubuhi

Makena mwanangu,

Naiacha hii juu ya faili, mahali utakapoiona ukivua koti.

Muhuri nimeuangalia tangu Jumatatu, kabla hujaniambia. Jumamosi, yangu na yako. Zimepishana njiani, labda kwenye meza moja ya posta, kila moja ikimpita mwenzake bila kujua. Nilikaa na barua yako mapajani siku nzima. Anjali alinikuta nalia, akaniuliza kwa Kiingereza kuna nini. Nikamwambia ni barua ya kikazi.

Nimekuwa na hasira wiki nne, na hasira ilikuwa inanipa nguvu. Ulipoandika habari za mkono wako kuwa mzito mkononi mwa mtu, ikaniishia. Hivyo ndivyo ilivyo, Makena. Ndivyo ilivyo kila asubuhi. Sikudhani kuna mtu mwenye miguu mizima anayeweza kulijua jambo hilo, na wewe umelijua katika nusu saa juu ya jiwe. Jana nilikaa dirishani naitazama theluji ya hapa, hii chafu ya Stanmore, na nikaona ajabu kubwa.

Na jana jioni nilikuona. Ulisimama getini na sanduku lako, ukatumbukiza barua, ukakaa pale muda mrefu ukitazama taa ya juu. Ningeweza kugonga kioo. Nilikuwa sijawa tayari.

Sasa nikuambie kuhusu huyo Bronwen wako. Nakubali anajua kuosha. Magoti, kuuliza, kungoja, yote mazuri, yaige. Lakini kunyamaza kwake sikutaki. Mimi si mgeni wa wikendi. Mtu akiniosha kimya nitadhani ananihesabu mbavu. Nataka maneno, Makena. Nataka kujua posa iliishaje, nani alipika, na nani alitia aibu, maana uliniacha katikati ya hadithi na hukurudi. Kidude chako kiache hapo jikoni.

Wale watu wanakuja saa tano. Nataka wanikute nimeoga, nywele zimesukwa, nimevaa ile nguo ya bluu. Nataka niwaambie hapana nikiwa safi.

Ukisoma hapa mimi niko juu. Nimepanda ngazi mwenyewe, moja moja, Anjali nyuma yangu anasali. Nimekaa kwenye kiti cha bafuni na nimejifunika taulo tu.

Panda, mwanangu. Nasikia baridi.

Ravinder